Tangi la Musau

Jumapili, 12 Oktoba

Bwana yangu Musau, Baba Mutanu, amepiga simu kutoka Doha saa saba, baada ya kanisa, kama kila Jumapili. Mazungumzo yetu yana njia yake: salamu, halafu mtoto, halafu mama yake mzazi, halafu tangi la kituo chetu cha mafuta. Tangi hupata muda mrefu kuliko sisi wote. Leo lilichukua karibu simu nzima, maana nilikuwa na habari.

Kile kiwanda kidogo cha Athi River kinachotengeneza biodizeli kwa mbegu za mti wa muthulu na mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi kinatafuta kituo upande huu wa Yatta. Wanataka kuwauzia wakulima wenye pampu za kunyunyizia mashamba. Wamekuja Kithimani, wameona kituo chetu, wamekipenda. Sisi petroli tuliacha kuuza tangu stesheni kubwa ifunguliwe pale juu ya barabara, na tangi letu la dizeli hushinda nusu tupu. Tukipata biodizeli, tutakuwa peke yetu kutoka hapa hadi Matuu.

Musau akasema, "Basi hapo sasa kuna kazi ya watu wawili."

Akasema mkataba wake wa Doha unaisha mwisho wa Desemba. Kibali cha kuweka biodizeli ardhini kikitoka kabla ya hapo, hatasaini mwingine. Atarudi nyumbani.

"Kweli?"

"Si nimesema."

Kulikuwa na neno nililotaka kumwambia pale pale. Badala yake nikamwambia dizeli imebaki kiasi gani.

Jumatano, 15 Oktoba

Mkaguzi wa kibali amekuja. Nilitarajia mzee mwenye tumbo na haraka ya chai, akashuka mwanamke mwembamba mwenye buti za vumbi. Injinia Wavinya. Kwao ni Muthetheni, lakini hakunisalimu kwa Kikamba wala hakutaka chai. Alizunguka kituo chote kimya, kisha akakaa kwenye kreti ya soda akanieleza.

"Mama, hii biodizeli si kama dizeli ile umezoea. Hii inakula. Kuna mpira itafura, kuna gundi italainika, hata shaba inageuka kijani. Wenye wanachanganya kidogo hatuwasumbui sana. Lakini nyinyi mnataka ile nzito, ya kupita asilimia ishirini. Hapo kila kitu inagusa mafuta lazima unionyeshe inapatana nayo. Tangi, bomba, gasketi, mpaka ile gundi ya kwenye nyuzi za bomba."

"Na zile ziko chini ya simiti?"

"Hizo ndizo za maana. Ikivuja huko chini hakuna mtu ataona."

Cheti cha tangi ninacho, na cha mabomba pia. Musau si mtu wa kutupa karatasi. Akaniuliza gasketi, yaani ile mipira ya katikati ya viungo vya bomba, nani aliweka. Nikamwambia ni bwana yangu. Akauliza alitumia mpira gani.

"Mzuri," nikasema.

"Mzuri si jina ya mpira, Mama."

Amesema atarudi mwisho wa Novemba, na akaenda zake. Simpendi. Musili, mtu wangu wa pampu, amesema mwanamke asiyekunywa chai ya bure ni wa kuogopwa. Musili ana miaka hamsini na kitu, anaimba besi katika kwaya, na chai ya bure hajawahi kuikataa.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimempa Musau maneno ya mkaguzi moja baada ya lingine. Nilipofika kwenye gasketi akanyamaza. Nikadhani ni mtandao.

"Hallo? Baba Mutanu?"

"Niko." Halafu akauliza, "Mvua imenyesha huko?"

Tangu aende hajawahi kuniuliza mvua. Mchana wote nimekaa na kile kimya chake. Kuna wanawake wa Kenya Doha, wa saluni, wa kufanya kazi za nyumba, wanaopika chapati siku za mapumziko. Sina sababu ya kuwafikiria. Nimewafikiria.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu. Wateja hakuna. Musili ameimba besi peke yake mpaka jioni.

Ijumaa, 24 Oktoba

Mawingu juu ya Kilimambogo, yakakaa, yakaondoka. Mama mkwe, Syokau, ameshapanda kunde na mbaazi kwenye ardhi kavu, kama wote walivyofanya. Nimemwambia tungoje tone moja kwanza. Akasema anayengoja mvua ndipo apande atakula mvua.

Jumatatu, 27 Oktoba

Imenyesha!

Ilianza alfajiri, na mabati yalipolia niliamka nikimngoja Musau ashuke kitandani. Ndivyo alivyokuwa. Mvua ya kwanza ikigonga tu, anachukua fimbo ya kupimia na kwenda kuangalia kama maji yameingia kwenye tangi. Nilikuwa namgombeza kwa kuniachia baridi. Alikuwa akirudi akinuka dizeli, anaiweka miguu yake yenye tope juu ya yangu, na mimi napiga kelele ili Mama asikie kwamba tunagombana.

Leo nimekwenda kupima mwenyewe. Nikarudi na miguu baridi na nisijue pa kuiweka. Nina hamu naye. Naandika hivyo hivyo, maana kwenye simu sijui kulisema neno hilo. Nyumbani kwetu mwanamke haambii mume maneno kama hayo, humwekea nyama kubwa kwenye sahani akaelewa.

Jumamosi, 1 Novemba

Dawa ya kupakwa kwenye fimbo imegeuka rangi chini kabisa: maji yameingia. Ilibidi tufungue mfuniko wa juu wa tangi tuone yamepitia wapi. Musili alifungua nati, mimi nikashika taa. Mfuniko ulipoinuka alitoa gasketi, akaigeuza, akaitazama kwa muda.

"Mama Mutanu, kwani hii gasketi ilipata pancha?"

Ilikuwa na kiraka. Kiraka cha pancha, cha duara, kimebandikwa vizuri na kusuguliwa kingo. Ni tyubu, mpira wa ndani wa gurudumu, ya ile pikapu yetu ya zamani. Musau aliikata kwa mkono wake, mviringo safi kabisa, na matundu ya nati yamepangwa sawasawa. Tulicheka mpaka Musili akakaa chini.

Nani hapa hakati gasketi kwa tyubu? Pampu za mto, sufuria za presha, mashine ya kusaga ya pale sokoni, zote ni tyubu. Fundi akikuuzia gasketi ya dukani unamwona mwizi. Nikiwa bado nacheka, nikaisikia sauti ya Wavinya: kuna mpira itafura. Kicheko kikaniisha.

Watu wa Athi River walituachia dumu la biodizeli la kujaribia pampu ya shamba. Nimekata vipande viwili vya ile tyubu. Kimoja nimekitia kwenye chupa ya jemu yenye dizeli, cha pili, chenye kiraka, kwenye chupa ya biodizeli. Nimeziweka dirishani ofisini.

Jumapili, 2 Novemba

Nilimuuliza kabla ya salamu.

"Baba Mutanu, gasketi za chini ya simiti ni tyubu?"

Alivuta pumzi. "Ni tyubu."

"Zote?"

"Zote."

Akaniambia yote kwa mara moja, kama mtu aliyekuwa akingoja kuulizwa. Wakati ule hakujua. Alijua alipofika Doha, mwezi wa kwanza, alipoona wanavyofunga mabomba. "Huku nikikata tyubu nafukuzwa site siku hiyo hiyo. Kila ukiniambia tangi, mimi naona zile gasketi. Dizeli itazifurisha kidogo, nati zitazishika. Lakini hiyo ingine, sijui."

Kumbe kile kimya kilikuwa cha tyubu, na wanawake wa chapati hawamo kabisa. Nilifurahi kwanza, Mungu anisamehe, kabla ya kuogopa.

Halafu akasema, "Sikiza. Ile ya juu badilisha, nunua ya kweli Nairobi, mwonyeshe huyo injinia risiti. Za chini sema ni hizo hizo. Hana macho ya kuona chini ya simiti. Mimi nikirudi Januari nazibadilisha mwenyewe, moja moja, pole pole, hakuna mtu atajua."

"Na zikivuja?"

"Kwa miezi miwili? Haziwezi."

Nilisema sawa. Sikusukumwa, nilisema sawa na nikaanza kuhesabu siku hadi Januari.

Jumanne, 4 Novemba

Chupa: hakuna mabadiliko. Mvua.

Alhamisi, 6 Novemba

Chupa: ile ya biodizeli imeanza kugeuka rangi ya chai nzito. Mpira umenenepa. Au ni macho yangu.

Jumapili, 9 Novemba

Leo Musau alikuwa Musau. Ameuliza mbuzi mzuri wa Krismasi anaweza kupatikana wapi, soko la Kithimani au aagizie Masinga. Ameuliza kiatu cha Mutanu ni saizi gani sasa. Akashusha sauti akauliza, "Kile kitanda bado kinalia?"

"Hakina wa kukiliza," nikasema.

Akacheka! Miaka mingapi sijamsikia akicheka hivyo. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya uwanja wa kituo, Musili akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nimepika pilau bila sababu. Mama mkwe amekula, akanitazama, akasema nimenawiri. Nimemwambia Musau anarudi Januari. Aliweka kijiko chini, akaenda nje, na kupitia mlango nikamwona akipangusa macho kwa upindo wa leso.

Alhamisi, 13 Novemba

Chupa ya dizeli: mpira umefura kidogo tu, mgumu bado. Chupa ya biodizeli: mafuta yamekuwa meusi. Nimezigeuza upande wa lebo ili nisiyaone mafuta.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua haijakatika tangu Ijumaa. Barabara ya kwenda mtoni imekatika, na punda wote wa mtaa wanakuja kuteka maji kwenye kisima cha Mama mkwe. Kisima kiko chini ya kituo, mteremko mmoja tu. Maji yamepanda mpaka unainama ukiwa na kikombe. Mama amekaa pembeni akiwaambia watu wapange mitungi mstari. Hajawahi kumtoza mtu.

Sikutaka kuitazama ile njia ambayo maji ya mvua hupita, kutoka kwenye saruji yetu hadi pale. Niliitazama.

Alhamisi, 20 Novemba

Nimeutoa mpira kwenye chupa ya biodizeli. Nilipoushika umemeguka vidoleni, laini kama ganda la maharagwe yaliyochemka. Kile kiraka kimebaki peke yake chini ya chupa.

Wa dizeli niliuvuta kwa mikono miwili ukakataa kukatika.

Jumamosi, 22 Novemba

Nilikuwa na haja ya mtu wa kuniambia nifanye nini, na katika nyumba hii yuko mmoja tu. Mama mkwe alikuwa akipalilia kunde. Nikachukua jembe la pili nikafuata mstari wake.

Mimi na Syokau hatujawahi kuwa marafiki. Kwake mimi ndiye niliyemtaka Musau ajenge kituo badala ya kununua ng'ombe, na kituo ndicho kilichompeleka Doha kutafuta pesa. Kwangu yeye ni jicho linalohesabu vijiko vya sukari. Lakini mtu wa kanisa namna ile, mwenye kisima ambacho hajawahi kukifunga, nilijua atakachosema. Nilitaka akiseme yeye ili mimi nisiwe wa kulaumiwa.

Nikamweleza tyubu, chupa, simiti, kisima. Alisikiliza bila kuacha kupalilia. Mwisho akasimama, akashika kiuno, akasema kwa Kikamba nami nayaandika kwa Kiswahili:

"Ukinyamaza, anarudi?"

"Anarudi, Mwaitu," nikasema, yaani mama yetu.

"Ukisema?"

"Hatarudi sasa."

"Basi nyamaza. Kisima ni changu. Maji yakiharibika nitakuwa wa kwanza kuyanywa, na nitayanywa nikimtazama mwanangu usoni. Mimi sina miaka ya kumngoja tena, Nduku."

Hajawahi kuniita jina langu. Kila siku ni Mama Mutanu. Alirudi kupalilia, nami nikabaki nimeshika jembe. Nilikuwa nimekuja kutafuta mtu wa kunizuia, nikapata mwenzangu wa kutamani, tena ananishinda. Sijui kwa nini nilimwona jiwe miaka yote hii.

Lakini punda walikuwa pale chini, na mama mmoja na mtungi mgongoni, amefunga mtoto kifuani.

Jumapili, 23 Novemba

"Na kama zikivuja?" nimemuuliza Musau.

"Tulimaliza hiyo maneno."

"Mpira umeoza kwenye chupa."

"Kwenye chupa umezama. Kwa kiungo umebanwa. Si kitu moja."

"Na mvua hii yote, na kisima cha Mama?"

"Mama Mutanu, unataka nirudi ama hutaki?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri sana.

Jumatano, 26 Novemba

Nitaandika yote.

Wavinya alifika asubuhi kukiwa na manyunyu. Leo alikubali chai. Alifungua faili juu ya meza, akaangalia cheti cha tangi, cheti cha mabomba, na gasketi mpya ya mfuniko niliyonunua, ile ya rangi ya kahawia. Aliigusa, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

"Na za chini ni hizi hizi?"

Muhuri wake ulikuwa juu ya meza karibu na kikombe changu. Nilifikiria miguu yenye tope. Nilimfikiria Mutanu, ambaye akiulizwa baba yake yuko wapi huonyesha simu. Nilimfikiria Mama kwenye kunde. Nilitaka kusema ndiyo, na midomo ilikuwa tayari, naapa ilikuwa tayari. Nikasikia punda akilia kule chini kisimani.

Nikainuka nikachukua zile chupa mbili dirishani, nikaziweka mbele yake.

"Za chini ni hii," nikasema. "Tyubu. Zote. Bwana yangu aliziweka kabla ajue."

Alizungusha ile chupa nyeusi mpaka kiraka kikaonekana. Hakucheka. Aliurudisha muhuri kwenye mkoba na kufunga faili.

"Mama, ungenyamaza ningesaini."

"Najua."

"Sina mashine ya kuona chini ya simiti. Tunategemea mtu aseme." Akanywa chai yake. "Bwana yako yuko wapi?"

Nikamwambia, na nikamwambia pia ahadi ya Januari. Sijui kwa nini nilimwambia. Hata Mchungaji sijamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema tangi lenyewe ni zima, chuma chake hakina neno na biodizeli. Ni viungo tu. Tuchimbe, tuvute mipira ile yote, tuweke inayofaa, ardhi ikauke, tangi na mabomba yapimwe kwa presha. "Kibali unaweza pata, lakini si hii mwaka. Labda mwezi wa tatu, wa nne."

Alipokuwa akiingia garini akageuka akaniaga kwa Kikamba. Nilimwitikia na machozi yakaja, na yeye akajifanya anatafuta funguo.

Nimempigia Musau, hakushika. Nimemtumia ujumbe nikamweleza. Jibu limekuja jioni: "Sawa."

Alhamisi, 27 Novemba

Nimemwambia Mama mkwe. Ugali amekula kwake.

Jumapili, 30 Novemba

Alipiga.

"Umenianika," alisema. "Mtaa mzima wataona kazi yangu."

"Watu watatu tu ndio wanajua."

"Na mkichimba?"

Akasema anaitwa, akakata.

Jumamosi, 6 Desemba

Mwethya, kundi letu la kusaidiana kazi, umekuja kuchimba. Ni watu wale wale waliochimba shimo la tangi miaka ile, wakati Musau alikuwa akikimbia huku na huku na mtungi wa uji. Hakuna aliyeuliza malipo. Katika mwethya leo ni kwangu, kesho kwako. Wanaume walivunja saruji kwa mitaimbo, wanawake wakatoa udongo kwa majembe na karai, na nyimbo zikaanza kabla ya jua kupanda. Musili alipata pa kuweka besi yake.

Wavinya naye alikuja, si kazini, amevaa sketi kuukuu na kofia. Kiungo cha kwanza kikavu. Cha pili kikavu. Kile cha mwisho, upande wa kisimani, udongo ulikuwa na unyevu, na tuliponusa ilikuwa dizeli. Wavinya alipiga magoti, akachimba kwa mkono, akanusa kila tabaka mpaka harufu ikaisha.

"Kidogo tu," akasema. "Haijaenda mbali. Lakini biodizeli ingeifungua kama mlango."

Gasketi zilipotolewa watu walizipokezana. Mmoja alipata nyingine yenye kiraka akasema, "Aii, hii imeenda mpaka Mombasa na kurudi," na mtaa mzima ukacheka. Nilicheka nao, maana nisingecheka ningelia. Musau alikuwa na haki: nimemwanika.

Hapo Mama mkwe akatokea. Alikuwa hajanisemesha tangu siku ile. Alipita katikati ya watu, akaikusanya mipira yote, akaipangusa udongo mmoja mmoja kwa leso, akaifunga kwenye upindo. Vicheko vikaisha. Aliposimama karibu yangu alisema, "Aliikata vizuri."

"Vizuri sana, Mwaitu."

Akaenda nayo nyumbani.

Jumapili, 7 Desemba

Hakupiga.

Ijumaa, 12 Desemba

Jamhuri. Mvua imepungua. Kunde zimetoa maua.

Jumapili, 14 Desemba

Hakupiga. Mutanu aliketi na simu mapajani kuanzia saa saba mpaka akasinzia. Nilipoichukua niliangalia kama ina chaji. Ilikuwa na chaji.

Jumatano, 17 Desemba

Gasketi mpya zimewekwa, mtaro umefukiwa. Musili anasema sasa nina kituo safi kuliko vyote Yatta, kinakosa mafuta tu. Jioni nilifungua sanduku la spana la Musau nikalifunga. Nimepitia daftari hili kuanzia Oktoba. Kila Jumapili nimeandika nilichotaka kumwambia, kisha nikaandika nilichomwambia. Miaka hii yote nimemwomba arudi kwa kumtajia lita.

Jumapili, 21 Desemba

Nilingoja saa saba, nikangoja saa nane. Saa tisa nilikwenda nyuma ya kituo, pale kwenye udongo mpya, nikampigia mimi.

Akashika. Salamu. Mtoto mzima. Mama yako mzima. Tukafika mahali petu pa kawaida.

"Waliweka gasketi?" akauliza.

"Baba Mutanu, wacha tangi."

Nikajua nikingoja kidogo tu nitaogopa, nikasema.

"Mimi nataka urudi. Si ya kibali. Hata hiyo kibali isitoke, hata tufunge kituo tuuze mboga. Nakutaka wewe nyumbani. Nalala na mtoto ndio nisikie mtu anapumua. Nina hamu na wewe mpaka naumwa. Sikujua kusema, ndio maana nilikuwa nakuambia dizeli."

Mashine fulani ilinguruma mbali nyuma yake.

"Hujawahi kuniambia hivyo," akasema.

"Najua."

"Mimi nilidhani unangoja kituo kisimame. Nilidhani nikikuja mikono mitupu, na zile tyubu chini, utaniona..." Hakumaliza. Nilimsikia akipumua kupitia puani, kama anavyofanya akiinua kitu kizito. "Nilisaini Alhamisi."

Mkataba wao ni wa miaka miwili. Nilikaa chini pale pale kwenye udongo. Siku zote nikilia huiweka simu mbali asisikie. Leo sikuiweka mbali. Nililia karibu kabisa, na baadaye nikasikia na yeye.

Tulikaa hivyo. Hakuna aliyesema anaitwa, hakuna aliyetaja mtandao.

"Mama Mutanu."

"Eeh."

"Sema tena."

Nikasema tena, kwa Kikamba mara hii, polepole, nikianzia mwanzo.